Pistoni za foji kwenye injini ya turbo: kompresheni ushushe mpaka wapi?

Safari hii maswali karibu yote yameangukia sehemu moja. Watu wanafunga turbo (feni inayozungushwa na moshi na kusukuma hewa kwenye injini, presha yake ndo busti) kwenye injini ambazo hazikuzaliwa na turbo, na kila mtu anauliza pistoni za foji, yaani zilizofuliwa, na kompresheni, yaani pistoni inaibana hewa mara ngapi. Nimeyachukua matano, la kwanza nimelipa nafasi kubwa maana wengi mmeuliza hilohilo kwa maneno tofauti.

Fundi habari za kazi. Injini yangu ni silinda nne, lita 2.0, kipenyo cha silinda milimita 86 na stroki (mwendo wa pistoni) milimita 86, haina turbo, kompresheni 10 kwa 1. Nataka kufunga turbo nianze na busti ya bar 0.7 alafu baadaye nifike bar 1.2 hivi, petroli ninayopata ni oktani 95, intakula (kipoza hewa ya turbo) nitaweka. Washkaji wanasema nichukue pistoni za foji za 8 kwa 1 au hata 7.5, eti ukishuka sana ndo unakuwa huru kuweka busti yoyote. Gari naendea kazini kila siku. Niende na 8?

Nzuri ndugu yangu. Hapana, usiende na 8, na hiyo 7.5 usiifikirie kabisa.

Tuanze na kwa nini watu wanashusha. Kwenye injini ya turbo hewa inabanwa mara mbili, kwanza na turbo, alafu na pistoni inapopanda. Kila ukibana hewa inapata joto, we shika tu pampu ya mkono ya baiskeli baada ya kujaza tairi utaliona. Sasa plagi ikiwasha, moto unaanza pale kwenye plagi unasambaa, na ule mchanganyiko uliobaki pembeni haujafikiwa bado unazidi kubanwa na kuchemka, ukizidi kiwango unalipuka wenyewe kabla moto haujaufikia, ndo ile sauti ya kugonga kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo. Mlipuko ule unapiga pistoni kama nyundo, mara nyingi kwenye kile kiukuta chembamba kati ya mfereji wa ringi ya juu na ya pili. Ukishusha kompresheni, mwisho wa kubana unakuwa na joto na presha ndogo kidogo, kwa iyo unapata nafasi ya kuongeza busti au taimingi (plagi kuwasha mapema zaidi) kabla ya kugonga. Hiyo ni kweli, sibishani nayo.

Ila ushauri wa kushuka sana ni wa zamani, na zamani ulikuwa na sababu zake. BMW 2002 Turbo ya 1973 ilikuwa 6.9 kwa 1, Porsche 911 Turbo ya kwanza ya 1975 ilikuwa 6.5 kwa 1. Zile gari hazikuwa na intakula, hazikuwa na sensa ya kusikiliza injini ikigonga wala kompyuta ya kurudisha taimingi nyuma, yaani mtengenezaji alikuwa na njia moja tu kubwa ya kuikinga injini, ashushe kompresheni mpaka alale usingizi. Toyota GR Yaris iliyotoka 2020 ina turbo na ni 10.5 kwa 1, kwa sababu injekta zinapiga petroli ndani ya silinda yenyewe na ile petroli ikigeuka mvuke inapoza hewa, na kompyuta inasimamia kila mlipuko. Wewe uko katikati, injekta zako naona ni za kwenye manifoldi, intakula unayo, na kompyuta ya kutuni, yaani ya kupanga petroli na taimingi, utaweka (kama hujapanga kuweka basi acha kwanza pistoni, anza na hiyo).

Sasa gharama ya kushuka. Kwa hesabu ya kitabuni ya injini ya petroli, kutoka 10 kwenda 9 unapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu unayopata kwenye petroli ileile, ukienda 8.5 ni karibu 4.5, ukienda 8 ni karibu 6. Utaona ni ndogo, na ukiwa kwenye busti ni ndogo kweli, maana ukitoka bar 0.5 kwenda bar 0.7 tu hewa inayoingia inaongezeka kama asilimia 13 kabla hujatoa hasara ya joto, kwa iyo busti inalipa deni lote na chenji inabaki. Lakini we unaendesha kwenda kazini, muda mwingi mguu uko robo, turbo haijaamka, na pale ile hasara unailipa kila siku, gari inakuwa nzito kuondoka, inakula zaidi, na ule moto ambao haukugeuka kazi unatokea kwenye manifoldi ya moshi na kwenye valvu za moshi. Gari ya 7.5 kwa 1 chini ya rpm 3000 inachosha, nimeziendesha, unakanyaga unasubiri.

Angalia mtengenezaji mwenyewe alifanya nini. Toyota 2JZ ina kipenyo 86 na stroki 86 kama yako, ila silinda sita. Ile isiyo na turbo, 2JZ-GE, ilikuwa 10 kwa 1, yenye turbo, 2JZ-GTE, wakaifanya 8.5, na wakaweka vijibomba vya kurushia oili chini ya pistoni vya kupoza. Hawakwenda 7.5. Na hiyo ni injini ya miaka ya 90.

Kwa iyo maoni yangu: kama utabaki kwenye 0.7, chukua 9. Kama una uhakika wa kufika 1.2 kwa hiyo oktani 95, chukua 8.5, hiyo ndo sakafu yako usiende chini yake. Na kama ungekuwa unapata petroli yenye ethanoli nyingi kwa uhakika, muda wote, ningekwambia acha 9.5 au hata hiyohiyo 10 ubadilishe pistoni tu ziwe za foji, kwa sababu ethanoli inastahimili kugonga na inapoza sana.

Kitu kingine, na hapa naomba usome pole pole. Ile namba iliyoandikwa kwenye boksi la pistoni, 8.5 kwa 1, siyo sifa ya pistoni. Ni hesabu ya pistoni pamoja na silinda hedi ya ujazo fulani na gasketi ya unene fulani ambavyo mtengenezaji alidhania. Silinda yako moja inafagia cc 499.6. Ili uwe 10 kwa 1 nafasi inayobaki juu pistoni ikiwa imefika mwisho ni cc 55.5. Ili uwe 8.5 inatakiwa iwe 66.6. Tuseme chemba (shimo la kuchomea mchanganyiko) ya silinda hedi ni cc 46, gasketi ya milimita 1 yenye tundu la 87 inakupa cc 5.9, na pistoni inafika sawa na uso wa bloku, bas bakuli la pistoni (kishimo cha juu ya kichwa chake) pamoja na mikato ya valvu linatakiwa liwe cc 14.7. Sasa kama hedi yako iliwahi kuchemka ikapelekwa kusawazishwa, chemba imebaki cc 43, we umefunga pistoni za "8.5" kumbe una 8.9 na hujui, na unatuni ukiamini 8.5.

Pima. Geuza hedi juu chini, plagi iwe imefungwa, valvu zimekaa, paka grisi kidogo kuzunguka chemba, laza kipande cha plastiki kinachoonyesha chenye tundu dogo, alafu chukua bomba la sindano la hospitali jaza spiriti yenye rangi kidogo, ingiza mpaka kipovu cha mwisho cha hewa kitoke pale kwenye tundu. Ulichoingiza ndo cc zako. Rudia chemba zote nne, zikitofautiana sana kuna moja itagonga kabla ya wenzake.

Fundi, mimi ni mama wa watoto wawili na nina gari ya turbo ya kiwandani, naongeza busti kidogo tu, nitaishia bar 1. Nimeambiwa kuna foji za 4032 na za 2618, na kwamba 2618 ndo ngumu zaidi hivyo nisihangaike na nyingine. Ila jamaa yangu mmoja ana 2618 na asubuhi injini yake inalia kama dizeli, mi hiyo siitaki. Tofauti ni nini hasa?

Dada yangu, huyo jamaa yako gari yake inawezekana ni nzima kabisa.

Zote mbili ni aluminiamu iliyofuliwa, yaani inagandamizwa kwa presha kubwa ikiwa ya moto badala ya kumiminwa kama uji kwenye kalibu, kwa iyo punje za ndani zinabanana na pistoni inakuwa ngumu kupasuka. Tofauti yao kubwa ni silikoni. 4032 ina silikoni kama asilimia 12, 2618 haina hata robo ya asilimia moja. Silikoni inafanya mambo mawili, inapunguza kutanuka kwa joto na inaongeza ugumu wa uso, ringi hazichimbi mifereji haraka. Ila inapunguza ule uwezo wa chuma kujipinda bila kukatika.

Matokeo yake ndo hayo unayoyasikia asubuhi. 2618 inatanuka zaidi kwa hiyo inabidi fundi aache nafasi kubwa kati ya sketi ya pistoni (ubavu wake wa chini) na ukuta wa silinda, kwa kipenyo kama cha 86 kwenye injini ya busti utakuta milimita 0.08 mpaka 0.10, wakati 4032 nyingi zinakaa kwenye 0.04 mpaka 0.06 hivi. Injini ikiwa ya baridi ile pistoni ya 2618 inacheza, inagonga ukuta ikigeuka juu, ikipata moto inatanuka inajaza nafasi sauti inakwisha. Isipokwisha baada ya injini kupata moto kamili hapo mwambie akaiangalie.

2618 faida yake inaonekana siku mambo yakiharibika, injini ikigonga vibaya kwa sekunde kadhaa ile pistoni inaweza kujikunja kidogo ikaishia hapo, 4032 ikipigwa hivyohivyo ina nafasi kubwa zaidi ya kupasuka. Ndo maana gari za mashindano zinazokwenda bar 2 zinatumia 2618 na injini inafunguliwa mara kwa mara kukaguliwa.

Wewe wa bar 1, unawasha asubuhi unapeleka watoto shule umbali mfupi injini haijapata hata moto vizuri, chukua 4032 bila wasiwasi. Itakuwa kimya na itaishi zaidi kwenye matumizi yako. Lakini nakuomba kitu kimoja dada, hela au muda utakaobaki upeleke kwenye tuni na kwenye pampu ya petroli. Mchanganyiko ukiwa mkavu (petroli kidogo, hewa nyingi) kwenye busti hakuna pistoni ya foji itakayokuokoa, aluminiamu ni aluminiamu, inayeyuka.

Kaka, kwa nini nihangaike na pistoni wakati kuna gasketi nene za chuma? Naweka gasketi nene, kompresheni inashuka, nafunga turbo, imeisha. Nikosoe kama nakosea.

Nakukosoa, na nakukosoa kwa sababu nimeiona hiyo imeisha yake.

Hesabu kwanza. Kwa tundu la milimita 87, kila milimita moja ya unene unayoongeza inakupa cc 5.9. Injini ya 86 kwa 86 ili itoke 10 ifike 9 inahitaji cc 7, kwa iyo unatakiwa kuongeza karibu milimita 1.2 juu ya gasketi ya kawaida. Hapo ndo tatizo. Silinda hedi nyingi zina sehemu bapa pembeni ya chemba, na pistoni ikifika juu inazikaribia mno zile sehemu, kama milimita 0.8 mpaka 1.1. Ule ukaribu umewekwa kwa makusudi, mchanganyiko uliokuwa pembeni unaminywa unarushwa katikati kwa nguvu, unachanganyika, moto unakimbia haraka, na pembeni hakubaki kitu cha kulipuka chenyewe. Ukiweka gasketi nene ule ukaribu unakuwa milimita 2 na ushee, hauminyi tena, mchanganyiko unabaki umelala pembeni unachemka. Umeshusha kompresheni ili isigonge na papo hapo umeondoa kitu kilichokuwa kinazuia isigonge.

Niliwahi kuletewa injini ya hivyo, ilikuwa imefungwa sehemu nyingine, gasketi nene juu, pistoni za kiwandani chini. Mwenyewe analalamika inakunywa oili na imekosa nguvu silinda ya tatu. Nilipotoa plagi tu, ile kauri nyeupe inayozunguka ncha ilikuwa na vidoa vidogo vyeusi na vingine vya kung'aa kama chembe za fedha, nikaviangalia kwa lenzi, ni aluminiamu. Ilikuwa pistoni inatoka vumbi vumbi kila inapogonga inakwenda kuganda kwenye plagi. Tulipofungua, kile kiukuta chini ya ringi ya juu kilikuwa kimekatika kipande kama ukucha wa kidole gumba, na kile kipande kilikuwa kimeshachora ukuta wa silinda kutoka juu mpaka chini. Nilipiga hesabu ya kompresheni yake, ilikuwa chini ya 9. Kwa karatasi ilikuwa salama.

Kwa hiyo shusha kwa bakuli la pistoni, gasketi na ule ukaribu uache kama ulivyokuwa. Na siyo bakuli lolote, tafuta pistoni ambayo bakuli lake limefuata umbo la chemba ya hedi yako na pembeni imeacha uso bapa unaotazamana na zile sehemu bapa za hedi. Zile za bakuli la duara linalokula uso wote mpaka karibu na ukingo zinakupeleka kulekule kwenye tatizo la gasketi. Vilevile kaa mbali na pistoni ambazo zimeshushwa kwa kufupisha urefu wa kutoka kwenye pini mpaka juu, zikaishia kusimama chini ya uso wa bloku, ni kosa lilelile limevaa nguo nyingine.

Ringi za pistoni zangu mpya zimekuja, naweza kuziingiza tu kama zilivyo? Injini ya turbo, kipenyo 86.

Usiziingize hivyohivyo. Nyingi zinakuja ndefu makusudi ili fundi azipige tupa afikie uwazi wa kati ya ncha zake unaotakiwa na injini yako. Ya busti inataka uwazi mkubwa kuliko isiyo na busti maana ringi inapata moto zaidi inarefuka, ncha zikigusana hazina pa kwenda zinakaba ukuta na kung'oa kichwa cha pistoni. Fuata karatasi iliyokuja nazo, kwa 86 ya busti utakuta ringi ya juu inatakiwa kati ya milimita 0.43 na 0.52 hivi, na ya pili iwe kubwa kidogo kuliko ya juu. Pimia kila ringi ndani ya silinda yake, isukume kwa pistoni ikae sawa, ingiza fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi) kati ya ncha. Uwazi ukizidi kidogo utapoteza presha kiduchu, ukipungua kidogo utapoteza injini.

Shikamoo fundi. Nimeshapeleka bloku ikaboliwe 86.5, nikiirudisha ndo niagize pistoni. Niangalie nini wakati wa kufunga?

Marahaba mdogo wangu. Kama bloku bado haijaguswa kaizuie leo. Pistoni kwanza, kuboa baadaye. Pistoni ya 86.5 haina upana wa 86.5, yenyewe ni ndogo kidogo kwa ajili ya ule uwazi, na kila kampuni na kila aina ya chuma ina kipimo chake na sehemu yake ya kupimia, wengine wanasema pima milimita kadhaa juu ya mwisho wa sketi, na sketi siyo mviringo kamili ukipima pengine utapata namba nyingine kabisa. Fundi wa mashine anatakiwa awe na pistoni zako nne mkononi, azipime kwa maikromita moja moja, aandike namba silinda hii pistoni hii, alafu aboe na kusugua kufuata hizo. Muombe pia afunge bamba zito juu ya bloku kwa boliti za hedi wakati anasugua, kwa sababu boliti zikikazwa zinavuta silinda inapoteza mviringo, ukisugua bila bamba unapata silinda ya duara ambayo siku ukifunga hedi siyo duara tena.

Pistoni zikifika zipime uzito pamoja na pini zake. Tofauti ya gramu moja kati yao ni sawa, zikizidi rudisha au fundi apunguze kwenye nyama ya ndani. Kama ni nyepesi au nzito sana kuliko za kiwandani peleka kranki ikasawazishwe. Pini, kwa busti angalia ukuta wake uwe mnene, pini nyembamba inapinda kidogo kila mlipuko na inakula tundu la pistoni. Kama bloku yako ina vile vijibomba vya kurushia oili, zungusha injini kwa mkono kabla ya kufunga sampu uhakikishe sketi haivigusi, foji nyingine zina sketi ndefu zinavigonga.

Mwisho weka udongo wa kuchezea watoto juu ya mikato ya valvu, funga hedi na gasketi iliyotumika kwa toki yake, funga mnyororo wa taimingi, zungusha mizunguko miwili kwa mkono polepole, fungua, kata ule udongo kwa wembe upime unene pale ulipominywa sana. Valvu ya kuingiza isipungue milimita 2, ya moshi 2.5. Ukisikia inakataa kuzunguka usilazimishe, fungua uone nani anamgusa nani.